Mwalimu na Ndege za Rangwi

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa anaogopa kimo. Siku aliyotupeleka Irente, pale mlima unapokatika ghafla na Mombo inaonekana chini kabisa, nyumba zake zimekuwa punje, sisi wanafunzi tulikimbilia ukingoni. Yeye alibaki nyuma, ameukumbatia mti wa mwati, akitufundisha kwa kupaza sauti.

"Huo upepo unaowapiga usoni unatoka chini! Umepigwa na jua la bondeni, umekuwa mwepesi, unapanda! Ndio unaombeba mwewe bila kupiga bawa!"

Tulicheka sana. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kumwona mwewe juu ya bonde nikamtazama kama ndege tu.

Nilimjua kwa miaka mingi. Kwanza nilikuwa mwanafunzi wake. Baadaye nilirudi kufundisha hesabu katika shule ileile, meza yangu ikitazamana na yake, na mwishowe tukawa watu wa kazi moja. Habari za kwao hakupenda kuzieleza. Ukimuuliza alijibu, "Mimi ni wa hapa, tangu nilipoanza kuvaa masweta mawili." Kishambaa alijifunza ukubwani, na alikisema vibaya bila haya. Alikuwa akiingia sokoni alfajiri na kuwasalimia akina mama wa kabichi "Onga mshi!", salamu ya mchana jua likiwa limewaka, nao wakimjibu huku wanapigana mabega kwa kicheko. Nilimwambia siku moja kwamba anakosea. Akaniambia anajua. "Wakicheka wananiongezea karoti."

Heshima aliishika kweli. Mzee aliyefagia madarasa yetu hakuwa amesoma, lakini alimzidi Mwalimu umri, na kila asubuhi Mwalimu alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, baba." Mwanafunzi aliyempita yule mzee bila kumwamkia alirudishwa kutoka mlangoni hata kama kipindi kimeanza.

Na hakupenda siri. Hilo nataka lieleweke mapema, kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko mengine. Katika mtihani mmoja alikosea kusahihisha swali la darasa zima. Alikuja akaandika kosa lake ubaoni kwa chaki nyekundu, akalipigia mstari, akasaini jina lake chini yake. "Ukiona haya kusema umekosea," alisema, "kuna siku kazi yako itakusemea, na yenyewe haina adabu." Maneno hayo nimewafundisha wanafunzi wangu. Mpaka leo nawaambia vijana wa kazini, ingawa siku hizi sisemi nilikoyatoa.

Ndege zilianza kama mchezo wa klabu ya sayansi. Alirudi kutoka likizo Tanga na mota ndogo ndogo kwenye mfuko wa rambo, akaniuliza kama bado nakumbuka upepo wa Irente. Kwa mbawa tulimtafuta Salehe, fundi seremala wa makamo yangu, tuliyesoma naye mpaka kidato cha nne. Alikuwa na karakana yake ya vitanda na milango kwenye njia ya Magamba. Salehe alimsikiliza Mwalimu akieleza umbo la bawa, akauliza, "Inabeba mtu?"

"Haibebi mtu. Inabeba dawa."

"Basi nitaitengeneza."

Watu wengi wakisikia droni wanafikiria kile kidude chenye panga nne kinachopiga picha harusini. Zetu zilikuwa ndege hasa, zenye mbawa ndefu, kwa sababu milima yetu haitaki kitu kinachoning'inia. Inataka kitu kinachoteleza juu ya upepo. Tuliangusha nyingi. Moja iliingia katika shamba la mahindi la hajati mmoja, naye akaifunga kamba mguuni pa meza mpaka tuende kuomba radhi. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza, maana mikono ya Mwalimu ilitetemeka kila ndege ilipopanda, kana kwamba yeye mwenyewe yumo ndani.

Karakana ya ndege ilikuwa chumba cha nyuma cha Salehe. Jambo la kwanza alilolifanya Mwalimu lilikuwa kuung'oa mlango. Aliulaza juu ya matofali tukapata meza. "Anayetaka kuona aone," alisema. Wakaja kweli. Wauza plamu walikuja, waendesha bodaboda, hata sheikh wa msikiti wa jirani, aliyeuliza maswali mazuri kuhusu betri.

Kuna kijana mmoja wa klabu alifunga jiwe chini ya ndege na kuliangusha juu ya banda la kuku, kuona kama atalenga. Alilenga. Kuku walitawanyika, watoto wakashangilia. Sijawahi kumwona Mwalimu vile. Hakupiga kelele. Aliishika ile ndege kwa mikono miwili, akamwambia yule kijana, "Mimi natengeneza kitu cha kumfikia mtu mgonjwa. Wewe umeshakigeuza jiwe. Nenda, na usirudi mpaka ujue tofauti." Tulimwombea msamaha yule kijana, akakataa muhula mzima.

Tulipata kibali cha majaribio, na hospitali ikakubali kututumia. Kutoka Lushoto kwenda Rangwi kwa barabara ni mizunguko isiyokwisha, na masika yakikolea, kilima kimoja tu kikiteleza, Rangwi inakuwa kisiwa. Ndege yetu ilikwenda moja kwa moja juu ya mabonde. Ilipeleka chanjo, ikapeleka dawa ya sumu ya nyoka, na baadaye ikapeleka damu, iliyofungwa kwenye boksi la baridi na kuteremshwa kwa mwavuli ambao mke wa Salehe, Mwanahawa, alikuwa anaushona kwa kitambaa cha hariri bandia. Nesi wa zahanati ya Rangwi alinipigia simu mara ya kwanza damu ilipofika. Alilia tu, na nyuma yake nasikia watu wakipiga vigelegele. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ule mlango wake. Alifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika.

Namweleza hivi kwa sababu sitaki mtu adhani tulidanganywa na mwongo. Mwongo unamzoea. Huyu alikuwa mkweli.

Siku moja nilifika karakanani nikakuta mlango umerudishwa kwenye bawaba zake, na kufuli mpya inaning'inia. Salehe alikuwa nje, hajui lolote. Mwalimu alikuja na funguo mfukoni, akasema kuna wezi wa betri mjini. Tulimwamini. Wiki ile ile yakapanda magari mawili. La kwanza lilimleta mhandisi wa kampuni moja ya Dar es Salaam, amevaa viatu visivyofaa kwa matope yetu. La pili lilimleta meja wa jeshi, mtu mpole, aliyemwamkia mzee wa kufagia kabla ya kumsalimia mkuu wa shule.

Mwalimu aliwazungusha. Alieleza bawa, alieleza ukungu, alieleza jinsi ndege inavyoutafuta upepo unaopanda na kuacha kutumia mota. Kisha akatuonyesha sisi kwa mkono. "Na hawa ni vijana wangu wa kazi."

Salehe alitabasamu. Tulipobaki wenyewe nilimuuliza.

"Mwalimu, hawa wanataka nini?"

"Kampuni ina kiwanda. Jeshi lina mahitaji. Sisi tuna ujuzi wa milima. Wanataka tushirikiane."

"Tushirikiane kufanya nini?"

"Mpaka unahitaji macho, Zaina. Nchi hailindwi kwa kumbeba mgonjwa peke yake."

"Sijakataa. Nauliza kwa nini hukutuambia."

Alianza kufuta miwani yake. "Mambo yalikuwa bado."

Mambo hayakuwa bado. Makubaliano yalikuwa yameshatiwa saini miezi kadhaa nyuma, yeye akiwa peke yake upande wetu, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba ndege zisiruke hovyo mpaka maonyesho ya pamoja yafanyike. Tulilijua sharti hilo tulipotaka kupeleka chanjo Rangwi na kuambiwa subirini. Nesi akapiga simu kuuliza, nikamwambia subirini. Neno lile lile, nikalipeleka mbele kama lilivyonifikia.

Sina ugomvi na jeshi kuwa na ndege. Kaka yangu ni askari, na ningependa aone kilicho nyuma ya kilima kabla hajakipanda. Hata Salehe hakuona vibaya. "Bawa ni bawa," alisema. Kilichotuumiza kilikuwa ile kufuli. Mtu aliyetufundisha kuandika makosa kwa chaki nyekundu alikuwa anatembea na funguo mfukoni.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Mwanahawa alikuwa na mimba ya kwanza, na kama ilivyo desturi alikwenda kwa mama yake Rangwi kujifungulia. Mchana mmoja, mvua imekatika na jua limechomoza, simu yangu ikalia darasani. Alikuwa nesi.

"Dada Zaina, amejifungua salama, mtoto mzima, ila damu haikati. Barabara imeziba, kilima kimeshuka. Dege lenu liko wapi?"

Nilikimbia na chaki mkononi. Salehe nilimkuta anapiga randa ubao wa kitanda. Sikumaliza sentensi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango wa nyuma, akaukamata kwa mikono yote miwili, kisha akaiacha ikashuka yenyewe. Ndege zenyewe hazingeruka bila namba ya siri iliyowekwa na wale wa kampuni, na namba hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu.

Mwalimu alikuwa nyumbani, anakula. Alisikiliza amesimama, tonge bado liko mkononi.

"Anga limefunguka, Mwalimu," nilimwambia. "Upepo ni mzuri. Damu iko hospitali, wanaitayarisha sasa hivi."

"Ngojeni nipige simu," alisema. "Siwezi bila ruhusa."

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Tulimsubiri barazani. Salehe alikuwa akisoma dua kwa midomo tu, bila sauti. Nilimwona kuku wa Mwalimu anachokora majani ya chai yaliyomwagwa, na mpaka leo nikiona majani ya chai ardhini moyo unanienda mbio.

Alipotoka hakututazama. "Wamekataa," alisema.

"Umewaambia ni nini?" Salehe aliuliza.

"Nimewaambia. Wamekataa, mwanangu."

Salehe hakubishana. Alimshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ahsante kwa kujaribu, Mwalimu," kisha akapanda bodaboda na boksi la damu mapajani. Walizungukia Malindi, ile ya huku milimani, wakafika kwenye maporomoko, akavuka tope kwa miguu akiwa amelibeba kichwani. Alifika jua linazama. Walimtolea mtoto nje kwanza, ndipo akajua.

Mwalimu alikuja msibani. Alitembea sehemu iliyoharibika, yeye mwenye magoti mabovu, yeye mwenye kuogopa kimo, kwenye kijia kilichobaki ukingoni mwa korongo. Alitia udongo kaburini, akalia kuliko ndugu wa marehemu. Mama mkwe wa Salehe ndiye aliyembembeleza.

Baada ya hapo maonyesho yalifanyika, huko chini tambarare, nasi tukayaona kwenye televisheni ya hotelini. Ndege ilikuwa imepakwa rangi ya majani na udongo. Ilipanda vizuri. Mwalimu alihojiwa, akasema bawa lile alilibuni na kulichonga mwenyewe kwa kuwatazama mwewe. Mwenye hoteli alimgeukia Salehe. "Si hilo ni lako?" Salehe alikuwa amempakata binti yake, anamnywesha maziwa kwa kijiko. "Amesahau tu," alisema. "Mbele ya kamera mtu husahau."

Mwalimu akahamia Dar es Salaam, kampuni ikimhitaji. Mimi niliacha kufundisha, nikaenda Tanga kupima mashamba ya mkonge kwa droni. Salehe alirudi kwenye vitanda na milango. Ndege za Rangwi hazikuruka tena.

Ningeishia hapo, na moyoni ningemweka Mwalimu pamoja na watu wengi wazuri walioshindwa na wakubwa. Lakini katika maonyesho ya wakulima nilikuwa nimesimama kwenye banda letu, na mzee mmoja mwenye nguo za kiraia akaja kutazama ndege, akanitambua. Alikuwa yule meja, amestaafu, anafuga nyuki.

"Wale watu wa milimani!" alisema. "Kila siku najiuliza. Ile kazi ya damu mliiachaje? Ilikuwa kazi nzuri kuliko yetu."

Nilidhani ananikejeli. "Si mlituzuia, afande?"

"Nani? Majaribio ya kawaida tulisimamisha, ndiyo. Damu hatukuzuia. Nilimpa mwalimu wenu namba yangu mwenyewe. Nilimwambia mtu akiwa anakufa, rusha kwanza, nipigie baadaye. Hakuwahi kunipigia."

Nilimweleza siku ile. Alivua kofia, akakaa kwenye kreti la soda. "Binti yangu," alisema, "simu yangu ilikuwa wazi."

Nilitaka kuamini kwamba meja anajisafisha. Nililiweka jambo hilo moyoni miezi kadhaa, nikiligeuza huku na huku, nikimtafutia Mwalimu njia ya kutokea. Kisha mzee wetu wa kufagia akafariki, akazikwa kwao Malindi, nami nikapanda mlima kwenda kuzika. Mwalimu alikuwepo. Kampuni ilikuwa imeshamshukuru na kumuaga. Ilikuwa na wahandisi vijana sasa. Alikuwa amekonda, masweta mawili yanampwaya.

Nilimwamkia. Shikamoo ilitoka yenyewe, na nikajichukia kidogo kwa jinsi ilivyotoka na upendo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima."

Tulikaa kwenye ukingo wa shamba la viazi, watu wakiwa wanakula. Sikuzunguka.

"Mwalimu, siku ya Mwanahawa ulimpigia nani simu?"

Aliitazama ardhi. Nilitaka aseme jina, jina lolote, hata la uongo.

"Nilikutana na meja," nikasema.

Alivua miwani, hakuifuta. "Sikupiga," alisema. "Nilikaa kitandani nimeishika simu. Maonyesho yalikuwa yamekaribia. Ndege ikianguka Rangwi, mhandisi angesema hawa watu hawana nidhamu, wangechukua mradi wapeleke kwingine. Nilijiambia bodaboda itafika. Nilijiambia damu haijatoka nyingi. Nilikaa mle ndani muda ambao mtu angekaa kama anazungumza na simu, kisha nikatoka."

"Alikushika mkono. Alikushukuru."

"Nakumbuka mkono wake kuliko ninavyokumbuka mikono ya wazazi wangu."

Nilisubiri hasira ije. Kilikuja kitu kingine, baridi, kama ule ukungu wa Shume unaoingia mpaka ndani ya shuka. Akanigusa bega.

"Nimekuambia wewe kwa sababu wewe ni mwanangu. Salehe usimwambie. Ameshapoa. Kumwambia ni kumuua mara ya pili. Mwache na amani yake."

Alisema kwa upole uleule aliotufundishia mwendo wa upepo, na kwa kitambo nilikaribia kukubali. Ndipo nikaelewa kwamba ananikabidhi funguo.

"Hapana, Mwalimu," nilisema. "Twende wote, umwambie wewe. Gari ipo. Jioni haijafika."

Alitazama chini barabarani. Alianza kuinuka, kweli aliinuka, akapiga hatua mbili kati ya matuta. Halafu akasema magoti yanamuuma, na kwamba kuna watu wanamsubiri Mombo, na kwamba atakuja siku nyingine akiwa amejipanga. Aliniacha pale. Alipita kwa waombolezaji akiwaaga mmoja mmoja, kofia mkononi.

Nilikwenda mwenyewe. Salehe nilimkuta karakanani anapiga msasa mlango wa mteja, binti yake yuko shule. Nilimweleza yote, nimesimama, kama nilivyosimama na chaki mkononi siku ile. Hakunikatiza. Mkono wake uliendelea na msasa, polepole, mahali pamoja, mpaka nikaona ubao unaanza kuingia ndani.

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Aliweka msasa chini. Akapangusa vumbi la mbao viganjani, kidole kimoja kimoja.

"Kila Ijumaa namwombea," alisema. "Miaka yote hii. Nilikuwa nadhani na yeye alinyimwa, kama mimi."